Gari la milima likigoma, aliyeliunda yuko wapi?

Ijumaa jioni utaliona tu. Prado jeusi lililoinuliwa, tairi za meno makubwa, hema limefungwa juu ya paa, muziki unatetemesha vioo na mbogi nzima imejaa ndani. Wikendi hii fomu ni Suswa. Wikendi ijayo ni Aberdare. Desemba, Mungu akijalia, ni Chalbi. Na wewe umekwama ndani ya matatu kwenye foleni ya Waiyaki Way, unalitazama mpaka lipotee, unajiambia moyoni: siku moja ndai yangu itakuwa kama hiyo.

Hakuna ubaya. Ndoto bado hazitozwi ushuru. Lakini kabla ndoto hiyo haijakufikisha kwenye yadi ya magari pale Ngong Road ukiwa na akiba yako ya miaka mitano pamoja na mkopo wa sacco, kuna swali moja ambalo wanunuzi wengi husahau kuuliza. Huuliza bei. Huuliza linakunywa mafuta kiasi gani. Huuliza kama viti ni vya ngozi. Hawaulizi: gari hili likigoma kwa kosa lililotoka kiwandani, nani atanisimamia?

Na wengi tunadhani jibu limeandikwa mbele ya boneti. Ati kampuni ni kubwa, jina linajulikana dunia nzima, haiwezi kukuacha kwa mataa. Pole. Kampuni kubwa huwasaidia wateja wake, ndiyo, lakini mara nyingi humsaidia haraka zaidi yule aliyejipanga. Wamiliki wa magari haya katika nchi mbalimbali wamejifunza kwamba msaada wa mtengenezaji hauji kwa kulililia jina. Unakuja kwa vitu vitatu: karatasi, wenzako na sheria. Tuvipitie kimoja kimoja, tukianza na sababu ya mambo haya kukuhusu hata kama leo huna hata baiskeli.

Si kama Vitz ya mjini

Vitz ikizima Moi Avenue unapiga simu, fundi anakuja na boda, mnasukuma hadi kando, maisha yanaendelea. Sasa fikiria gari limezima kati ya Marsabit na North Horr. Hakuna mtandao, gereji iliyo karibu iko saa kadhaa nyuma yako, na maji mliyobeba ni ya siku mbili. Hapo hitilafu ndogo si kero tena, ni hatari.

Halafu gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lina vyuma vingi zaidi vya kuharibika. Chini yake kuna difu ya mbele na ya nyuma, shafti mbili, na sanduku la gia za ziada linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Magari ya siku hizi yameongezewa sensa na kompyuta zinazoamua gurudumu lipi livute na lipi litulie. Fundi wako wa mtaani anaweza kuwa bingwa wa spana, lakini kama hana mashine ya kusoma kompyuta ya gari hilo, atabaki kubahatisha. Atabadilisha sensa hii, atabadilisha ile, na kila jaribio linatoka mfukoni mwako.

Wanaoshiriki Rhino Charge wanalijua hili vizuri. Mashindano hayo yalianza mwaka wa 1989 kuchangisha pesa za kujenga uzio wa Aberdare, na anayeshinda ni yule anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, hata kama njia inapita kwenye korongo. Timu huenda huko na mafundi, spea, winchi na vifaa vya kuchomelea. Hakuna anayeteremka bondeni akitarajia kwamba kampuni itatuma mtu wa kumtoa. Lakini wewe si timu ya mashindano. Wewe ni kijana mwenye gari moja na mshahara mmoja, kwa hivyo unahitaji kampuni iwepo.

Uko kundi gani?

Hapa Kenya wamiliki wa magari haya wamegawanyika katika makundi matatu, na kiasi cha msaada utakaoupata kinategemea kundi lako.

Kundi la kwanza ni wale walionunua gari jipya kabisa kwa wakala rasmi. Hawa ndio wenye waranti. Kitabu cha waranti husema gari litatengenezwa bila malipo kwa miaka kadhaa au kilomita kadhaa, chochote kitakachotangulia. Soma hapo kwenye kutangulia. Mtu anayeendesha Nairobi hadi Lodwar kila mwezi atamaliza kilomita zake mapema sana, kalenda ikiwa bado inamcheka. Soma pia orodha ya yasiyolipiwa. Kwa kawaida tairi, klachi, breki na chochote kilichochakaa kwa matumizi hayamo.

Kundi la pili ndilo kubwa, na huenda ndiko unakoelekea: wanunuzi wa mitumba kutoka Japani. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingia nchini, ndiyo maana magari mengi hutua Mombasa yakiwa na miaka saba hivi. Umri huo, waranti ya kiwandani imeisha zamani. Tena waranti hiyo ilikuwa ya mteja wa Japani. Wakala rasmi wa hapa hakukuuzia gari hilo wala hakuliagiza. Atakuhudumia ukimlipa, lakini hana deni lako.

Gari lenyewe liliundwa kwa matumizi ya kule. Unajua ile redio inayoishia 90 wakati stesheni unazozipenda ziko juu ya hapo? Unajua ile ramani inayokusemesha Kijapani asubuhi na mapema? Hayo ni ya kuchekesha. Yasiyochekesha ni kwamba hata baadhi ya spea zake zinaweza kutofautiana na za gari linalofanana nalo lililouzwa hapa likiwa jipya. Unaagiza kwa jina la modeli, unaletewa kitu, hakiingii.

Kundi la tatu ni dogo lakini lina somo. Ni wale walionunua gari ambalo kampuni yake inayumba. Na hatuhitaji kwenda mbali, kwani tunayo ya hapa nyumbani. Mobius Motors, iliyoanzishwa na Mwingereza Joel Jackson, ilikuja na wazo zuri sana: kuunda hapa Kenya gari gumu, lisilo na anasa nyingi, lenye bei nafuu, la kustahimili barabara mbovu za Afrika. Vijana wengi tulilipenda kwa sababu lilikuwa letu. Kisha Agosti 2024 kampuni hiyo ikatangaza kwamba inafunga kwa kulemewa na madeni, na muda mfupi baadaye ikasemekana mnunuzi amejitokeza. Katika siku hizo za katikati, jiweke kwenye viatu vya mwenye gari hilo. Taa ya injini ikiwaka, unampigia nani? Kioo cha mbele kikipasuka, utakipata wapi, ikiwa aliyekiagiza ndiye anayefunga mlango?

Kwa hivyo unaponunua gari, unanunua pia uhusiano na watu watakaolihudumia kwa miaka kumi ijayo. Gari zuri lenye uhusiano mbovu litakutoa machozi.

Waaustralia walivyoshupaa

Sasa tuone wamiliki waliokataa kupuuzwa. Twende Australia, ambako wanapenda Hilux na Prado kama sisi, wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na wana nyika pana zisizo na lami.

Tatizo lao lilikuwa chujio la masizi. Magari ya dizeli ya kisasa hufungwa chujio kwenye njia ya moshi ili kunasa masizi yasitoke hewani. Likikaribia kujaa, mfumo huongeza joto ili kuyateketeza masizi hayo, chujio lisafike, safari iendelee. Ni jambo linalopaswa kutokea kimyakimya ukiwa barabarani bila wewe kujua.

Katika magari ya Hilux, Fortuner na Prado ya dizeli yaliyouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, mambo hayakwenda hivyo. Mfumo huo haukuweza kuhimili mwendo wa kawaida wa barabara kuu, ule wa kama kilomita 100 kwa saa kwa muda mrefu. Chujio likaziba. Magari yakatoa moshi mweupe wenye harufu mbaya, taa za onyo zikawaka, wenye magari wakawa wageni wa kila mara gerejini. Kampuni ilijaribu marekebisho kadhaa kabla ya kutoa suluhisho mwaka wa 2020.

Kama ungekuwa peke yako, ungefanyaje? Ungeambiwa jaribu kuendesha tofauti. Ungeambiwa leta wiki ijayo. Ungechoka, ungeliuza kwa hasara, basi. Lakini hawa walifungua kesi ya pamoja iliyohusu magari 264,170. Mara ile harufu ambayo kila mmoja alidhani ni ya gari lake tu ikawa ushahidi wa kosa la muundo.

Aprili 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba magari hayo hayakuwa na ubora unaokubalika na kwamba wanunuzi walipotoshwa. Jaji alikadiria kwamba thamani ya kila gari ilipungua kwa asilimia 17.5. Kampuni ilikata rufaa, na mwaka wa 2023 kiwango hicho kikashushwa hadi asilimia 10. Novemba 2024 Mahakama ya Juu zaidi nchini humo ikarudisha suala la hesabu kwa jaji wa kwanza ili litazamwe upya. Hesabu inaweza kupanda na kushuka, lakini kiini chake hakikubadilika: gari lilikuwa na kasoro, na mnunuzi hakupaswa kuubeba mzigo huo peke yake.

Marekani nako kulikuwa na kisa cha kutu. Wenye pikapu za Tacoma na Tundra na magari ya Sequoia walilalamika kwamba chesi, yaani ule uti wa mgongo wa gari, ilikuwa ikioza. Mwaka wa 2016 Toyota ilikubali kuyamaliza bila kukiri kosa, kwa makubaliano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4 na kuhusu magari kama milioni 1.5. Yangekaguliwa, na yale yaliyooza yangewekewa chesi mpya.

Angalia kitu kimoja. Katika visa vyote viwili kampuni ni ile ile inayosifiwa duniani kwa magari yasiyokufa. Sifa hiyo ni ya kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini hata fundi bora hukosea, na akikosea swali ni kama ana njia ya kukupata na wewe una njia ya kumpata.

Wito usiokufikia

Na hapo ndipo mtumba unapokuwa na noma. Mtengenezaji akigundua kasoro ya hatari, hutoa wito magari yarudishwe yatengenezwe bure. Huwatafuta wenye magari kwa anwani walizosajili. Sasa gari lako lilisajiliwa Osaka, kwa jina la mzee aliyelitumia kwenda kuvua samaki wikendi. Barua ikitumwa, itaenda kwa mzee. Wewe uko Kasarani, huna habari.

Mfano mkubwa ni mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani iliyotengenezea mifuko hiyo watengenezaji wengi wa magari. Ndani yake mlikuwa na kemikali ya amoniamu naitreti inayolipuka ili kuujaza mfuko hewa wakati wa ajali. Ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, kemikali hiyo huharibika na kulipuka kwa nguvu kupita kiasi. Chombo chake cha chuma hupasuka na vipande vikamrukia yule yule aliyepaswa kuokolewa. Watu wamekufa katika nchi kadhaa kwa sababu hiyo. Takata ilifilisika mwaka wa 2017, na wito wa kurejesha magari hayo ukawa mkubwa kuliko wowote katika historia ya magari.

Soma tena maneno hayo: joto na unyevu, kwa miaka mingi. Kama uko Mombasa, Malindi au Lamu, unajua yanamaanisha nini. Kati ya magari yaliyoguswa kulikuwa na RAV4 na X-Trail za miaka fulani, aina ambazo hapa kwetu hupita mikono mitatu, minne, kabla ya kustaafu.

New Zealand, ambayo hununua mitumba ya Japani kama sisi, iliamua mwaka wa 2018 kutosubiri. Serikali iliamuru mifuko ya hatari zaidi ibadilishwe kwa lazima, hata kwenye magari yaliyoingia nchini yakiwa yameshatumika. Huo ndio msaada ambao wamiliki wa mitumba wana haki ya kuudai popote walipo, kwa sababu kasoro ya kiwandani haijali gari limeuzwa mara ngapi.

Mgala muue, haki mpe

Tuwe waungwana pia. Kampuni nazo zina hoja zao, na zingine ni za kweli.

Kuna anayeinua gari, akaweka tairi kubwa kuliko zilizopimiwa, kisha anashangaa shafti zikianza kulia. Kuna anayeweka taa za ziada kwa nyaya zilizounganishwa kienyeji, halafu kompyuta ya gari ikichanganyikiwa anailaumu Japani. Kuna anayenunua spea ya bei ya kutupa pale Kirinyaga Road, kisanduku kina nembo safi kabisa, kumbe ni bandia. Kuna anayeruka sevisi mbili kwa sababu gari "bado liko fiti."

Mambo haya yote humpa wakala sababu ya kukukatalia. Na hapo ndipo wengi hupoteza vita hata kabla havijaanza. Huenda kosa lilikuwa la kiwandani kweli, lakini wewe huna risiti hata moja ya kuonyesha kwamba ulilitunza gari. Ni neno lako dhidi ya ripoti ya maabara yao. Unadhani nani ataaminiwa?

Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani

Vijana wengi huamini kwamba ukishalipa na kuondoka na ufunguo, imeisha. Haijaisha. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa hizo, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro. Gari ni bidhaa kama unga.

Kisha kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Pamoja na mengine, inamruhusu mtumiaji kufungua kesi kwa niaba ya wenzake walioathirika kwa njia ile ile, hata kama mkataba waliotia saini unasema hawawezi. Yaani kile walichofanya Waaustralia, mlango wake upo hapa pia. Tatizo letu ni kwamba hatuugongi.

Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka wa 2021. Huhitaji wakili, unaweza kujisimamia, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Injini iliyokufa wiki mbili baada ya kutoka yadi, baada ya muuzaji kukuandikia kwamba imekaguliwa na iko sawa, ni jambo unaloweza kulipeleka pale.

Kama umenunua mtumba, anza na aliyekuuzia, si kiwanda. Yadi ikikwambia kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, hayo maandishi ya risiti hayamalizi mjadala wa kasoro iliyofichwa. Lakini kama uliagiza mwenyewe kwa simu kutoka Japani, muuzaji wako yuko ng'ambo na kumfikia ni shughuli. Ile laki moja au mbili uliyookoa kwa kutopitia yadi ilikuwa na maana yake. Iweke kando kama pesa za dharura, usiimalizie kwa rimu.

Jipange hivi

1. Ijue nambari ya chesi. Iko kwenye logibuku na imechongwa kwenye gari lenyewe, hakikisha zinafanana. Magari yaliyouzwa Japani huwa na herufi na tarakimu za modeli, kistari, kisha tarakimu nyingine, kwa mfano GDJ150 kwa Prado la dizeli au JB74 kwa Jimny. Mengine huwa na tarakimu na herufi 17 mfululizo. Watengenezaji wakubwa wa Japani wana kurasa ambapo unaingiza nambari hiyo na kuona kama gari lina wito ambao haujatekelezwa. Ni bure. Fanya hivyo kabla ya kulipa, na urudie kila mwaka.

2. Uliza kuhusu msaada kabla ya rangi. Chagua spea tatu: pampu ya mafuta, taa ya mbele na kompyuta ya injini. Piga simu kwa wakala na kwa maduka mawili ya mjini, uliza bei na siku za kusubiri. Ukijibiwa "tutaagiza, ni kama miezi mitatu," umeshajua maisha yako yatakavyokuwa.

3. Fungua daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila sevisi, andika tarehe, kilomita, kilichofanywa na jina la gereji. Weka risiti. Taa ya onyo ikiwaka, ipige picha pamoja na kilomita kabla fundi hajaizima. Kelele ikitokea, irekodi. Spea iliyotolewa, omba urudishiwe, usiiache gerejini ikauzwe chuma chakavu. Hiyo ndiyo shahidi wako.

4. Lalamika kwa maandishi. Simu hupotea hewani. Huna haja ya Kiswahili cha bungeni, andika hivi: "Gari langu modeli fulani, chesi nambari fulani, likiwa limetembea kilomita 41,200, liliwasha taa ya injini tarehe fulani. Nimelileta kwenu mara tatu, tarehe hizi, na tatizo limerudi. Naomba mnijibu kwa maandishi ndani ya siku 14: chanzo ni nini, mtalitengeneza lini na nani atalipa." Hakuna matusi, hakuna herufi kubwa za hasira. Barua kama hiyo humtia meneja jasho kuliko kelele zako zote mtandaoni.

5. Tafuta wenzako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Makundi ya wamiliki hutumika sana kupanga safari na kurushiana picha za machweo. Sawa, lakini yatumieni pia kukusanya data. Tengenezeni jedwali moja: mwaka wa gari, kilomita, hitilafu, tarehe, jibu la wakala. Watu kumi wenye hitilafu moja kwenye kilomita zinazokaribiana si bahati mbaya tena. Mchagueni mmoja asiye na mdomo mchafu, apeleke jedwali hilo kwa wakala na nakala kwa ofisi ya mtengenezaji ya kanda.

6. Panda ngazi. Kimya kikizidi, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, CAK, ambayo pia ina jukumu la kulinda watumiaji. Mambo ya ubora na viwango yana KEBS. Kama kasoro inahatarisha maisha barabarani, breki au usukani kwa mfano, wajulishe pia NTSA. Mahakama iwe ya mwisho, lakini iwepo kwenye orodha.

Utasema, lakini hiyo ni kazi nyingi kwa gari tu. Linganisha na pesa ulizotoa. Simu ya elfu 20 ikikataa kuchaji unarudi dukani siku hiyo hiyo na boksi lake mkononi. Gari la milioni tatu likitoa moshi tunasema "ndivyo yalivyo," tunaongeza oili, tunaombea.

Kampuni husikiliza pale ambapo kupuuza kunagharimu zaidi ya kusaidia. Huko Australia wenye magari walilifanya hilo kwa risiti na umoja. Hapa tuna magari yale yale, tuna sheria, na vijana wa hapa wanajua kutengeneza jedwali kwa simu wakiwa wamesimama ndani ya matatu. Kilichobaki ni mazoea.

Kwa hivyo siku yako ikifika, tembea kwenye yadi kichwa juu. Kagua chini, sikiliza injini, jaribu gia zote, uliza yale maswali ya spea. Muuzaji atatabasamu, atapiga boneti kofi moja na kukwambia: "Boss, hii gari haiharibiki." Mshukuru. Kisha mwombe akuandikie hivyo kwenye risiti, na atie saini.